Mwandishi Aliyeishiwa Hadithi

Katika mtoto wa meza yangu mna riwaya tatu, na hakuna hata moja iliyovuka ukurasa wa arobaini. Ya kwanza inamhusu msichana wa kijijini anayekwenda mjini na kuharibikiwa. Ya pili inamhusu mwanasiasa mla rushwa ambaye hatimaye anaumbuka. Ya tatu ni ya kijana msomi anayerudi kwao kupambana na mila. Ndugu msomaji, naamini umekwisha kuzisoma zote tatu, ingawa sijamwonesha mtu hata mmoja.

Mimi ni mwalimu wa historia. Nilipokwama kwa mara ya tatu nilifanya lile ninaloliweza: nikarudi nyuma kutazama waliotangulia walizipata wapi hadithi zao. Nilitarajia kukuta vipaji vinavyobubujika. Nilikuta watu waliokopa, waliojificha na waliosubiri.

Nianze na Shaaban Robert, ambaye tumezoea kumtaja kwa heshima tu bila kumchunguza. Kisa cha *Adili na Nduguze* kinafanana mno na hadithi moja ya Alfu Lela Ulela, ya mtu na ndugu zake wawili waliogeuzwa wanyama. Simvunjii heshima kwa kusema hivyo. Nilipata faraja kujua kwamba hata yeye alichota kisimani mwa wengine. Lakini linalonivutia zaidi ni *Kusadikika*, iliyotoka mwaka 1951. Shaaban Robert alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, akianzia idara ya forodha katika miaka ya 1920. Mtu anayekula mshahara wa mkoloni angewezaje kuandika juu ya nchi ambamo raia anashitakiwa kwa kutaka elimu ya sheria ifundishwe? Aliitoa nchi hiyo ardhini akaitundika angani. Karama akapandishwa kizimbani mawinguni, akajitetea kwa siku kadhaa, na hakuna ofisa wa Tanganyika aliyeweza kusema kwamba ametajwa. Watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu wataelewa upesi kuliko wahakiki: upya wa hadithi ile ulitokana na kubanwa.

Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alikopa waziwazi zaidi. *Mzimu wa Watu wa Kale* ilishinda shindano la uandishi la 1957–58 lililoendeshwa na Shirika la Vitabu la Afrika ya Mashariki, ikachapishwa mwaka 1960. Bwana Msa na kiko chake, na Najum anayemfuata akishangaa, ni jamaa wa karibu wa Sherlock Holmes na Watson. Kiunzi ni cha Mwingereza. Lakini alichokijaza ndani hakikutoka London: mashamba, mizimu, siri za ukoo, nani mtoto wa nani. Abdulla aliwahi kuwa mkaguzi wa afya kabla ya kuingia katika uhariri wa magazeti. Sina ushahidi, lakini siachi kufikiri kwamba kazi ile ilimsaidia kuliko kitabu chochote. Mkaguzi wa afya huingia hadi uani. Huona yasiyooneshwa wageni, na watu humweleza mambo ambayo hawakuulizwa.

Kisha likaja Azimio la Arusha, Februari 1967, na mwandishi akapewa mada. Sina ugomvi na nia ya Azimio. Nimelitetea darasani mara nyingi na nitaendelea. Lakini nimesoma hadithi nyingi za miaka iliyofuata, na ukizisoma kwa mfululizo unaweza kutabiri: bepari mwenye kitambi, kijana mwadilifu, mkutano chini ya mwembe, kijiji kinachoshinda. Soko kubwa la kitabu lilikuwa shule, na shuleni hadithi huulizwa dhamira yake kabla ya kuulizwa kama ni ya kweli. Ugonjwa huo haujatutoka. Riwaya zangu tatu zilizaliwa nao: nilikuwa na dhamira, nikaenda kutafuta watu wa kuzibeba.

Ndiyo maana *Rosa Mistika* ya Kezilahabi, ya mwaka 1971, inanitia aibu. Kisa chake ni kile kile changu cha kwanza, msichana anayeharibikiwa. Ila Kezilahabi hakuulaumu mji. Alianzia nyumbani, kwa baba mkali anayemfungia bintiye, akaonesha jinsi ukali ule unavyozaa maangamizi. Kitabu kikapigwa marufuku shuleni kwa muda. Kisa kilikuwa kikuukuu. Kipya kilikuwa mahali alipodiriki kuelekeza kidole.

Na Adam Shafi? *Kuli*, ya mwaka 1979, ilirudi kwenye mgomo wa wafanyakazi wa Zanzibar wa 1948, jambo ambalo wapagazi wa bandarini walilijua kwa miili yao lakini halikuwa limeandikiwa riwaya. *Haini* ilingoja zaidi. Abeid Amani Karume aliuawa tarehe 7 Aprili 1972. Watu wakakamatwa, Adam Shafi akiwa miongoni mwao. Riwaya hiyo inayochota katika kifungo kile ilitoka mwaka 2003, miaka 31 baadaye. Huwezi kusema kwamba katika miaka yote hiyo mwandishi huyu alikosa kisa. Alikuwa nacho.

Hapo ndipo nilipolazimika kufunga vitabu na kujiuliza nilikuwa nacho nini mimi.

Mwezi Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na kwamba kazi iwe imekamilika kabla ya mwisho wa 1976. Nafundisha Operesheni Vijiji kila mwaka: idadi ya waliohamishwa, umbali wa mashamba, ukame na njaa ya miaka ile. Sijawahi kuwasimulia wanafunzi kwamba shangazi yangu alihamishwa mwaka 1974, na kwamba walipoambiwa wabebe wanachoweza, aliacha vyungu akabeba mlango. Alitembea nao kichwani tangu asubuhi hadi jua kuzama. Sijawasimulia pia kwamba karani aliyeandika orodha ya nyumba za kuezuliwa alikuwa mdogo wake wa kuzaliwa, baba yangu mdogo, aliyenilipia ada ya sekondari, na ambaye hadi leo huketi kiti cha mbele katika harusi zetu.

Nilikifahamu kisa hiki tangu nikiwa na miaka kumi na miwili. Miaka yote niliyokuwa nikilalamika kwamba sina cha kuandika, kilikuwa kimekaa sebuleni kikinywa chai.

Wiki iliyopita nilimpigia shangazi simu nikamwuliza mlango ule ulikuwa wa mti gani. Mninga, akasema, na bado upo, umewekwa jikoni. Akanieleza jinsi alivyoufunga kwa kamba za katani, na mahali alipoutua mara ya kwanza. Niliandika yote, kurasa sita. Kabla ya kukata simu akauliza, "Mwanangu, baba yako mdogo anajua kwamba unaandika?"

Nikamwambia bado.