Keria ya gari dogo: Liulize paa kabla ya kuuliza bei

Gari dogo limekuwa punda wa kila nyumba huku kwetu Pwani. Asubuhi linapeleka watoto shule, mchana liko sokoni Kongowea, mwisho wa wiki linakwenda Malindi au Lunga Lunga na familia nzima ndani. Buti la Vitz, Demio au Passo likishajaa, macho ya mwenye gari hupanda juu. Paa liko tupu, kwa nini lisifanye kazi?

Hapo fikira ya keria huanza, na wengi hukimbilia kuuliza bei. Swali la kwanza linafaa kuwa jingine: paa la gari hili linaweza kubeba nini? Mzigo ukiporomoka barabarani, anayeumia mara nyingi si mwenye mzigo. Ni yule wa bodaboda au tuktuk aliye nyuma yake. Kwa hivyo keria ni kifaa cha usalama kwanza, kisha ndipo iwe ya kurahisisha safari.

Paa lako linabeba kilo ngapi?

Kila gari hupangiwa na mtengenezaji uzito wa mwisho wa kubebwa juu ya paa wakati gari linatembea. Kwa magari madogo mengi uzito huo huwa kati ya kilo 30 na kilo 75, na kilo 50 ni kiwango cha kawaida. Hesabu hiyo huandikwa ndani ya kijitabu cha gari. Magari yetu mengi yametoka Japani na kijitabu chake, kama bado kipo, kimeandikwa Kijapani. Ukikwama, tafuta kijitabu cha Kiingereza cha gari hilo hilo kama lilivyouzwa nje ya Japani: Vitz huko iliitwa Yaris, Honda Fit iliitwa Jazz, na Demio ikawa Mazda2. Hakikisha ni toleo moja na lako, maana paa la mwaka 2004 si paa la mwaka 2014.

Jambo linalosahaulika ni kwamba uzito wa keria yenyewe umo ndani ya hesabu hiyo. Chukua mfano wa gari la kilo 50. Vyuma viwili vya kukingama pamoja na miguu yake huweza kufika kilo 5. Ukiongeza kikapu cha chuma cha kilo 15, umebaki na kilo 30 za mzigo. Bandali moja ya unga, yaani pakiti 12 za kilo mbili, ni kilo 24. Mtungi wa maji wa lita 20 ni kilo 20 na zaidi. Mfuko mmoja wa saruji ni kilo 50, kwa hivyo huo peke yake umeshapita. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, nasi paa la gari tumelifanya ndilo mwenzio huyo.

Sheria nayo haiko mbali. Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, inakataza gari kutembea barabarani na mzigo uliozidi kiwango cha mtengenezaji.

Lijue paa la gari lako

Keria haishiki paa lenyewe. Hushika sehemu ngumu iliyo kando ya paa, na sehemu hiyo hutofautiana:

- Paa tupu. Ndilo la magari madogo mengi. Miguu ya keria hukaa pembeni mwa paa, na klampu zake hushika fremu ya mlango kwa ndani. Klampu hizi hutengenezwa kwa umbo la gari moja na toleo lake, kwa hivyo ya Vitz haifai Demio.
- Paa lenye reli. Kuna reli mbili ndefu kutoka mbele hadi nyuma, kama zilivyo baadhi ya steshenwagoni. Keria hushika reli, na kuifunga ni rahisi zaidi.
- Paa lenye mfereji wa mvua. Magari ya zamani kama Peugeot 504 yana ukingo wa kupitisha maji kando ya paa, na miguu ya keria hukaa hapo.
- Paa lenye matundu ya kiwandani. Baadhi ya magari yana matundu ya bolti yaliyofichwa chini ya vifuniko vidogo. Kama gari lako linayo, yatumie hayo.

Usikubali fundi atoboe matundu mapya. Bati la paa halifiki unene wa milimita moja, na haliwezi kushika bolti yenye mzigo. Tundu litaingiza maji, na huku kwetu maji na chumvi vitalimaliza bati kabla hujajua. Isitoshe, baadhi ya magari yana mifuko ya hewa ya usalama pembeni mwa paa, na tindo haiulizi inapopita.

Ya dukani au ya jua kali?

Keria za kampuni kama Thule ya Uswidi au Inno ya Japani huuzwa na orodha inayoonyesha ni miguu na klampu gani zinazoingia gari gani. Ukienda dukani, taja jina la gari, mwaka na namba ya chesisi. Ukinunua iliyotumika, angalia kama klampu zote nne zipo, kama raba za miguu hazijapasuka, na kama karatasi ya maelezo imo. Keria ya mtumba isiyo na klampu za gari lako ni vyuma vitupu.

Mafundi wetu wa jua kali wana ujuzi, na keria zao hufaa sana kwa magari yenye mfereji au reli. Kwa paa tupu la gari dogo, tahadhari inahitajika. Waulize maswali matatu. Keria hii ina kilo ngapi? Miguu yake itashika wapi? Na kati ya chuma na rangi ya gari kutakuwa na nini? Keria ya kilo 25 imeshakula nusu ya uwezo wa paa kabla hujaweka kitu. Na ile ambayo miguu yake inakanyaga katikati ya bati, badala ya pembeni penye nguvu, italibonyeza paa siku ya kwanza.

Namna ya kuifunga

Kazi hii inataka watu wawili na nusu saa ya utulivu, kivulini.

1. Osha paa na fremu za milango kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, kisha kausha. Mchanga uliobaki chini ya raba hukwaruza rangi kama msasa.
2. Unganisha vyuma chini kwanza. Tazama alama za mbele na nyuma, kulia na kushoto, kwani miguu ya mbele na ya nyuma mara nyingi si sawa.
3. Fungua milango yote minne. Pima umbali kutoka ukingo wa juu wa kioo cha mbele kama maelezo yanavyotaka, kisha weka chuma cha kwanza. Cha pili huwekwa kwa kawaida sentimita 60 hadi 80 nyuma yake.
4. Ingiza klampu chini ya fremu. Hakikisha haijaibana raba ya mlango.
5. Kaza kwa zamu: mizunguko michache kulia, michache kushoto, hadi vyuma vikae katikati. Ukikaza upande mmoja mpaka mwisho, chuma kitavutwa kando. Usikaze kupita kiasi pia. Fremu ikipinda, mlango utaanza kuvuja na kupiga mluzi.
6. Funga milango taratibu, kisha mwagia maji juu ya gari na uangalie ndani. Inua mlango wa buti uone kama haugongi keria.
7. Shika chuma kwa mikono miwili ukisukume mbele na nyuma. Gari zima litikisike, lakini keria isisogee hata kidogo.
8. Tembea kilomita 20 hivi, simama, ukaze tena. Fanya hivyo kila kabla ya safari ndefu.

Kufunga mzigo

Mzigo mzito ukae katikati, baina ya vyuma viwili, na mwepesi juu yake. Tumia mikanda ya kufungia mizigo yenye kikazio. Mipira iliyokatwa kwenye tyubu hupendwa kwa sababu ni rahisi kupata, lakini mpira hunyumbuka: unaponyumbuka mzigo husogea, na unaposogea hutafuta njia ya kutoka. Kamba ya katani inafaa ikiwa mpya na kavu, nayo ikaguliwe njiani.

Fikiria kinachotokea gari likigonga kitu likiwa na mwendo wa kilomita 50 kwa saa, na likasimama ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mzigo wa kilo 40 husukuma mbele kwa nguvu ya zaidi ya nusu tani. Kitakachouzuia ni mikanda yako na miguu minne ya keria tu.

Godoro ni adui anayejificha. Kwa kuwa ni jepesi, watu huliweka juu ya paa bila keria, na abiria wawili wakalishika kwa mikono madirishani. Godoro la futi 4 kwa 6 likiinuka na kukabili upepo gari likienda kilomita 80 kwa saa, husukumwa kwa nguvu ya zaidi ya kilo 60. Hakuna mkono wa kulizuia. Godoro lifungwe mikanda miwili kwa mapana na kamba moja mbele, ili ncha yake isiinuke.

Boriti, mbao na mabomba marefu hufungwa kwenye vyuma vyote viwili, kisha ncha ya mbele na ya nyuma zikafungwa kwenye kulabu za kuvutia gari. Ncha inayotokeza nyuma itundikwe kitambaa chekundu mchana, na usiku iwe na taa. Mabati yafunikwe kingo zake, maana bati likichomoka huruka kama upanga.

Mwendo nao upungue. Nguvu ya upepo haipandi sawa na mwendo: kutoka kilomita 80 kwa saa hadi 100 huongezeka kwa zaidi ya nusu. Baki kwenye 80 au chini yake. Msimu wa kusi ukivuma, punguza zaidi kwenye daraja la Kilifi na sehemu nyingine za wazi, ambako upepo hupiga ubavuni. Kwenye barabara ya kwenda Voi, trela likikupita utalisikia gari likiyumba, kwa sababu uzito wa juu hulifanya liwe jepesi kuinama. Na ukiingia maegesho ya chini ya jengo, kumbuka gari limerefuka.

Chumvi haisubiri

Keria inayokaa miaka mingi bara huweza kuoza mapema huku kwetu. Chuma cha kawaida kilichopakwa rangi huanza kutu ndani ya bomba, na hasa kwenye maungio yaliyochomewa, mahali usipopaona. Alumini ni nyepesi na hustahimili zaidi, lakini ikigusana na bolti za chuma penye unyevu wa chumvi, huliwa pale zinapokutana. Dawa yake ni bolti za chuma kisichoshika kutu, zipakwe grisi, na vizibo vya ncha za vyuma visipotee.

Kama huna mzigo, ivue. Utapunguza mafuta na kelele, na utapata nafasi ya kuosha chumvi iliyokusanyika chini ya raba. Ikishindikana kuivua kila mara, basi angalau kila baada ya miezi michache.

Lini uiache keria

Ikiwa mzigo wako ni mifuko ya saruji, kochi zima, friji au mabati ya nyumba, hiyo si kazi ya gari dogo. Kodi pikapu au tuktuk ya mizigo kwa safari moja. Nauli yake utailipa mara moja tu, lakini paa lililobonyea, mlango usiofunga sawasawa, au kijana wa bodaboda aliyeangukiwa na mzigo wako ni deni la muda mrefu. Keria ni ya masanduku ya nguo, godoro lililofungwa vizuri, ngazi na mbao chache. Ikibaki kwenye kazi hiyo, gari dogo litaendelea kukutumikia na walio nyuma yako watafika kwao salama.