Ugomvi wa Sebuleni

Hadi mwisho wa miaka ya 1960, familia za kwenye televisheni ya Marekani zilikuwa haziendi chooni. Zilikula, zilifua, ziliozesha mabinti, watoto walikua hadi wakaota ndevu, lakini hakuna mtazamaji aliyewahi kusikia maji ya choo yakimwagwa. Yaliposikika, mwaka 1971, sauti ilitoka ghorofani katika nyumba ya kubuni huko Queens, New York, na watu waliokaa studioni wakaangua kicheko. Aliyeruhusu choo kisikike ni Norman Lear, mwandishi na mtayarishaji wa miaka 48 ambaye alikuwa ameshaandikia wachekeshaji wengine kwa miaka 20.

Mimi naishi kwa kuandika tamthilia za televisheni hapa Dar es Salaam, na Lear ni mtu ninayebishana naye kichwani kila ninapokaa kumwandika baba mwenye nyumba. Wanaomsifu humsifu kwa siasa: ubaguzi wa rangi, vita vya Vietnam, utoaji mimba, yote aliyapeleka kwenye sebule za watu saa za jioni. Ni kweli. Ila ukiyafuatilia maisha yake utaona siasa ilikuja baadaye. Mwanzo kulikuwa na nyumba ya watu wa makelele, na mtoto aliyekaa pembeni ya meza ya jikoni akiwapa wazazi wake alama, nani kajenga hoja vizuri na nani kapayuka tu.

Alizaliwa tarehe 27 Julai 1922 huko New Haven, Connecticut, katika familia ya Kiyahudi. Baba yake, Herman, alikuwa mtu wa mipango, kila wiki yuko karibu kutajirika. Alikuwa na neno lake la kumnyamazisha mkewe, na mwanawe alimwita mtoto mvivu kuliko watoto wote weupe aliowahi kukutana nao. Mtoto akamjibu: unatukana watu weusi wote ili tu uniite mimi mvivu? Majibizano hayo Lear aliyahifadhi miaka 30 na zaidi, kisha akayatia vinywani mwa Archie Bunker, baba wa nyumba ile ya Queens, na mkwe wake karibu jinsi yalivyokuwa.

Mwaka 1931 Herman alikamatwa kwa kujaribu kuuza hati bandia, akafungwa miaka mitatu. Norman alikuwa na miaka tisa. Mama akauza vitu vya nyumbani, na katika watu waliokuja kupekua samani, mmoja akachukua kiti chekundu cha ngozi ambacho Herman alikikalia akisikiliza redio. Bwana mwingine akamwekea mtoto mkono begani, akamwambia kuwa sasa yeye ndiye mwanamume wa nyumba. Lear alilisimulia tukio hilo hadi uzeeni, na sikuzote alikuwa akicheka. Nadhani siku ile alijifunza jambo ambalo mwandishi wa vichekesho halifundishwi darasani: mtu mzima anaweza kusema upuuzi mtupu kwa huruma ya dhati.

Vita vya Pili vya Dunia vilimtoa chuoni Boston. Akawa mwendesha redio na mpiga bunduki katika ndege za B-17 zilizoruka kutoka Foggia, Italia, akamaliza misheni 52. Baada ya vita alihamia Los Angeles na familia yake, akawa anagonga milango ya watu pamoja na Ed Simmons, mume wa binamu yake, wakiuza samani na picha za watoto. Usiku waliandika vichekesho. Kujuana na mtu hawakuwa nako, kwa hiyo Lear akatumia ujanja. Alipiga simu ofisi ya wakala wa mchekeshaji maarufu Danny Thomas, akajifanya mwandishi wa New York Times anayekimbilia ndege, anahitaji namba ya Thomas haraka amalize makala. Katibu akampa. Thomas alipopokea na kuelewa alivyopatikana, alicheka, akawaambia walete walichonacho. Kufikia 1950 wawili hao walikuwa New York wakiandikia televisheni, kisha wakawaandikia wachekeshaji Dean Martin na Jerry Lewis. Vipindi vilirushwa moja kwa moja. Kicheko kisipokuja, mwandishi alilisikia pengo palepale, na nchi nzima ikalisikia pamoja naye.

Mwishoni mwa muongo huo aliungana na Bud Yorkin kuanzisha kampuni ya Tandem. Walitengeneza filamu, nyingine nzuri, na moja ilimpatia Lear uteuzi wa Oscar kwa mswada. Hizo nazipita.

Kilichobadilisha maisha yake kilitoka Uingereza. Johnny Speight alikuwa ameiandikia BBC kipindi kiitwacho Till Death Us Do Part, cha mzee wa East End ya London, Alf Garnett, mbaguzi mwenye mdomo usiopumzika, anayeishi nyumba moja na mkwe wake msoshalisti. Lear alisoma habari zake kabla hajaona hata sehemu moja. Akamwona Herman. Akanunua haki, akaihamishia hadithi Queens, akaandika. ABC walirekodi sehemu ya majaribio mwaka 1968, wakaikataa. Wakarekodi tena 1969, wakakataa tena. CBS, chini ya Robert Wood, walikuwa wanataka kuachana na vichekesho vyao vya washamba na kuwafuata vijana wa mijini. Wakaichukua, na tarehe 12 Januari 1971 All in the Family ikaenda hewani.

Vita vya usiku ule wa kwanza vilikuwa juu ya sentensi moja. Archie na mkewe Edith wanarudi mapema kutoka kanisani, wanawakuta binti yao na mumewe wakielekea chumbani. Archie anashangaa: saa tano na dakika kumi, asubuhi ya Jumapili! Hakuna tusi. Hakuna aliyevua hata shati. Lakini wakaguzi wa CBS waliitaka itoke, kwa sababu sentensi hiyo ndiyo inayomfanya mtazamaji aone kichwani mwake kile wanandoa walichokuwa wanakwenda kufanya. Lear akasema ikitoka sentensi, naye anatoka. Hoja yake ilikuwa ya kikazi: ukikubali kukatwa kitu kidogo kisicho na maana, kesho utakatwa kingine, na keshokutwa huna kipindi. Sentensi ilibaki. CBS wakaweka onyo kabla ya kipindi, wakaongeza wapokea simu kwa ajili ya hasira za wananchi. Hasira waliyoiogopa haikuja.

Hali hiyo naijua kwa kipimo chetu kidogo. Kituo kimoja kiliwahi kunirudishia mswada wenye mstari mwekundu chini ya maneno ya mke kijana kwa mama mkwe wake: "Mama, chumvi hii uliiweka au ilianguka?" Pembeni mtu ameandika: mkwe hasemwi hivi. Tukakata, na onyesho likabaki la wanawake wawili wanaosifia wali.

Kipindi cha Lear kilianza kwa watazamaji wachache. Kiliporudiwa majira ya joto ndipo kilipowaka, kikashika namba moja Marekani kwa misimu mitano mfululizo. Kiti cha Archie, kilichonunuliwa duka la mitumba huko California kwa dola chache, kilikabidhiwa jumba la makumbusho la Smithsonian mwaka 1978. (Sisi wa Bara enzi hizo hatukuwa na televisheni kabisa. Zanzibar ilipata yake, tena ya rangi, mapema miaka ya 1970. Huku tulingoja hadi 1994. Archie nilimkuta mtandaoni, keshakuwa wa makumbusho.)

Lakini je, watu walimcheka Archie au walicheka naye? Mwaka 1972 fulana na vikombe vya kumpigia Archie debe awe rais viliuzwa kama njugu. Mwaka 1974 wanasaikolojia Neil Vidmar na Milton Rokeach walichapisha utafiti ulioonyesha kuwa watazamaji wenye chuki za rangi walimpenda Archie na kumwona ndiye anayeshinda mabishano. Lear hakuwahi kukubali kwamba hilo ni kosa la kipindi. Alisema anaandika watu, na Carroll O'Connor aliyemwigiza Archie alimpa huzuni ambayo haimo kwenye mswada. Hapa nipo upande wa Lear. Mtu mbaya akiandikwa bila mvuto wowote, anakuwa bango la ukutani.

Baada ya hapo kazi zilimiminika. Sanford and Son, nayo ya asili ya BBC, ilikuja Januari 1972; Maude mwezi Septemba. Novemba mwaka huo Maude, mwanamke wa miaka 47, anagundua ana mimba na anaamua kuitoa, katika sehemu mbili zilizoandikwa na Susan Harris, miezi miwili kabla Mahakama Kuu ya Marekani haijatoa uamuzi wa Roe dhidi ya Wade juu ya utoaji mimba. Vituo viwili vya Illinois vilikataa kuzirusha. Ziliporudiwa Agosti 1973, waliokataa walizidi 20. Katika msimu wa 1974–75, vipindi vitano kati ya kumi vilivyoongoza nchini vilitoka kwa Lear na Yorkin.

Kimoja kati ya hivyo ndicho ninachokirudia zaidi, kwa sababu ndani yake Lear anaonekana kutoka upande wa pili. Good Times ilibuniwa na waandishi weusi wawili, Eric Monte na Mike Evans, juu ya familia maskini katika majumba ya serikali huko Chicago. Monte mwenyewe alikulia majumba ya namna hiyo, Cabrini-Green. Esther Rolle, aliyekuwa mtumishi wa nyumbani katika Maude, alikubali kuongoza kipindi kwa sharti moja: watoto wawe na baba ndani ya nyumba. Akapewa John Amos, aigize James Evans, mwanamume anayehangaika na vibarua, hana hela, na hapigi magoti.

Kisha mtoto mkubwa, J.J., aliyeigizwa na Jimmie Walker, akapata neno lake la kupiga kelele, watazamaji wakalipenda, na miswada ikaanza kuinama upande wake. Alichekesha kwa kurusha mikono na kutoa macho. Mdogo wake mwenye akili za darasani na dada yake mwenye ndoto zake wakawa wa kusindikiza. Rolle alilalamika hadharani, jaridani, kwamba J.J. ana miaka 18, hafanyi kazi, hajui kusoma, na watoto weusi wanapewa mfano mbaya. Amos alilalamika ndani, kwa sauti kubwa, kwamba waandishi, wengi wao weupe, wanamwambia yeye jinsi familia nyeusi inavyoongea. Mwaka 1976 akafukuzwa. James akauawa kwa ajali ya gari Mississippi, bila hata kuonekana. Mwaka uliofuata Rolle naye akaondoka, akarudi msimu wa mwisho tu.

Yaani mtu aliyekuwa tayari kuondoka CBS kwa ajili ya sentensi moja, sasa yeye ndiye ofisi, na mwenye sentensi yuko nje ya mlango. Simwiti mnafiki. Lear aliwasikiliza watu kuliko watayarishaji wengi: wanachama wa Black Panther walipovamia ofisi yake wakilalamika kwamba kila mweusi wa televisheni ni fukara, malalamiko hayo yalichangia kuzaliwa kwa The Jeffersons, Januari 1975, hadithi ya mwenye maduka ya dobi aliyetajirika, na kipindi kikadumu misimu 11. Lakini kuwasikiliza wageni wa siku moja ni rahisi. Mwigizaji anarudi kila Jumatatu.

Wala sisemi lazima mtu aandikwe au aigizwe na wa kabila lake. Msomaji wa Kenya aliyekulia mbele ya kipindi cha vichekesho cha Vitimbi anajua kuwa Mzee Ojwang', Mjaluo wa lafudhi nzito aliyekuwa akipigizana kelele na Mama Kayai, aliigizwa na Benson Wanjau, Mkikuyu, na nchi nzima ilimpenda. Tofauti ni nani ana haki ya kusema hapana mezani. Amos alikuwa na kipaji, jina na barua za mashabiki, ila haki hiyo hakuwa nayo.

Mwaka 1985 Lear na mshirika wake Jerry Perenchio waliuza kampuni zao kwa Coca-Cola, dola milioni 485. Akaendeleza shirika lake la kutetea uhuru wa raia, akanunua nakala adimu ya Tangazo la Uhuru la 1776 kwa zaidi ya dola milioni nane na kuizungusha nchi nzima watu waione. Alifariki tarehe 5 Desemba 2023, akiwa na miaka 101. Hayo yameandikwa sana.

Kilichoandikwa kidogo ni kwamba mwaka 1994 alirudi kwenye nyumba ya Archie, safari hii ikiwa na familia nyeusi: baba wa mrengo wa kushoto anayegombana na mwanawe mhafidhina. Kipindi kiliitwa 704 Hauser, namba ya nyumba ileile. Baba alimpa John Amos. Kilikufa baada ya wiki chache. Desemba 2019, Lear akiwa na miaka 97, sehemu ya Good Times iliigizwa upya moja kwa moja kwenye ABC, wale waliomkataa mara mbili. Nafasi ya James ilishikwa na Andre Braugher. Amos, akikaribia miaka 80, aliingia kwenye sebule ya kina Evans kama diwani aliyekuja kuomba kura.