Viatu vya safari ya boti: chagua hivi kabla hujatoka Mikumi au Kilosa

Mikumi watu huja kuangalia wanyama kwa gari. Hata viboko wa bwawani unawaona ukiwa nchi kavu, kwa hiyo raba yoyote inatosha. Lakini wageni wengi wanaunganisha safari hiyo na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyomegwa kutoka Pori la Akiba la Selous mwaka 2019. Huko utalii wa boti kwenye Mto Rufiji na maziwa yake ni moja ya vivutio vikubwa, na hapo ndipo swali la kiatu linapoanza.

Jibu fupi: vaa kiatu kinachoshika kisigino, chenye soli laini ya mpira, na kinachotoa maji haraka.

Kisichomoke mguuni

Rufiji una mamba na viboko wengi. Unapopanda boti kutoka ukingoni, kuna sekunde chache ambazo mguu mmoja uko kwenye mchanga au tope, na mwingine uko kwenye chombo kinachocheza. Kandambili ikinasa hapo, unayumba. Watu wa Kilosa hawahitaji kufundishwa hili. Aliyepita kwenye tope la Mto Mkondoa baada ya mafuriko ya Desemba 2009 anajua tope linavyovua viatu.

Na kiatu kikianguka majini, kiache kiende. Usiiname kukidaka wala usitumbukize mkono. Mwambie nahodha, yeye ndiye ataamua. Kiatu kinanunulika, mkono haununuliki.

Soli ndiyo breki yako

Sakafu ya boti ikilowa inateleza kama vile imemwagiwa sabuni. Soli ngumu ya plastiki haishiki. Mpira laini wenye michirizi mingi myembamba unashika, kwa sababu maji yanapata pa kutokea na mpira unabaki umegusa sakafu.

Mmarekani Paul Sperry alitoa kiatu chake cha boti mwaka 1935. Wazo alilipata kwa mbwa wake, aliyekuwa akikimbia kwenye barafu bila kuanguka. Sperry aliangalia mikunjo ya unyayo wa mbwa huyo, akachanja soli ya mpira kwa mfano wake. Leo huna haja ya kutafuta kiatu cha jina. Tafuta soli ya namna hiyo.

Vya sokoni kwetu

- Kandambili: ziache nyumba ya wageni, ni za bafuni.
- Yeboyebo: ni nyepesi na zinakauka haraka. Chagua zenye mkanda wa nyuma, na mkanda uuvae kisiginoni kweli, usiurudishe mbele. Zikiwa zimelika chini, achana nazo.
- Sendo za mikanda: ni chaguo zuri zikiwa na mkanda wa kisigino na soli ya mpira. Za ngozi zikilowa zinalegea na kuchelewa kukauka.
- Raba: zinafaa sana, hasa nyepesi za kitambaa. Kamba zifunge vizuri na ncha zake uzichomeke ndani.
- Katambuga: miiba haipiti kirahisi na zinadumu. Ila tairi lililokwisha halina michirizi, kwa hiyo geuza uangalie.
- Buti za mvua: ni nzuri kwa shamba. Ukitumbukia nazo zinajaa maji, kupiga miguu kunakuwa kazi na kupanda tena botini ni kazi zaidi.

Ukinunua mtumba

Bonyeza soli kwa ukucha. Ikiwa ngumu kama mbao, mpira umezeeka. Kunja kiatu uone kama gundi imeachia. Kisha lowesha soli, mwombe muuzaji ukanyage sakafu laini ya saruji, ujaribu kusukuma mguu. Kikiteleza hapo, na botini kitateleza.

Nunua mchana au jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo kwa kutembea. Acha nafasi ya upana wa kidole mbele, lakini kisigino kisicheze. Kwa mtoto, usinunue kikubwa "atakikulia" halafu umpandishe nacho boti.

Kiatu kipya kivae nyumbani siku kadhaa kwanza. Malengelenge ukiyapata siku ya kwanza, safari yote inakuwa ya kuchechemea.

Kiatu hakizuii kichocho

Wengine hudhani wakivaa sendo wanaweza kukanyaga maji ya bwawa bila shida. Si kweli. Vimelea vya kichocho hutoka kwa konokono wa maji baridi na hupenya kwenye ngozi yoyote iliyoguswa na maji hayo. Hata raba hupitisha maji. Kwa hiyo usining'inize miguu nje ya boti, na usinawe miguu ukingoni, mamba awepo asiwepo. Kama umelazimika kuingia majini, kituo cha afya waambie ili wakushauri kuhusu kipimo na dawa.

Siku yenyewe

Beba jozi ya pili kavu kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa. Ni ya kuvaa ukishuka, maana kutembea porini na kiatu kilicholowa kunachubua. Sendo zinaacha mgongo wa mguu wazi na jua la botini huchoma, kwa hiyo paka mafuta ya kuzuia jua au vaa soksi nyepesi.

Unapopanda, mikono yote iwe mitupu. Mizigo mpe mwenzio, shika mkono wa nahodha, kanyaga katikati ya boti na si ukingoni, kisha kaa. Jaketi la kuokoa maisha livae na ulifunge kabla boti haijaondoka. Ukikuta hakuna la saizi yako au ya mtoto wako, usipande, hata kama kiatu chako ni kizuri namna gani.