Saizi ni Jina, Kipimo ni Futikamba

Mzigo wa nguo ukipakiwa kwenye basi la usiku Dar es Salaam, kesho yake uko Mbeya, zaidi ya kilomita 800 kutoka Kariakoo. Tuseme mama mmoja wa Soweto, Mbeya, ameagiza gauni kwa WhatsApp. Ameshalipa kwa simu bei ya gauni, ada ya kutuma pesa na nauli ya mzigo. Muuzaji alimuuliza swali moja tu: "Unavaa saizi gani, dada?" Akajibu L, kwa kuwa gauni alilolichagua mwenyewe kwenye mitumba lilikuwa L na lilimkaa vizuri. Sasa anafungua mfuko, lebo inasema L kama alivyoomba, na gauni linakwama mabegani, halishuki hata kifuani. Muuzaji hakudanganya, na mama hakutaja herufi isiyo yake. Wote wawili walitegemea neno moja lenye mizigo mitatu.

Neno hilo ni saizi. Tunalitumia kwa ukubwa wa mwili ("mimi saizi yangu kubwa"), kwa ukubwa wa nguo yenyewe ("hii saizi yake ndogo"), na kwa alama iliyoandikwa kwenye lebo ("nipe saizi M"). Katika taaluma ya ushonaji wa viwandani haya ni mambo matatu mbalimbali. Shirika la kimataifa la viwango, ISO, lina kiwango kizima, ISO 8559, kinachoeleza jinsi mwili unavyopimwa na jinsi vipimo hivyo vinavyogeuzwa kuwa alama ya lebo. Kwa Kiswahili napendekeza tuseme hivi: kipimo cha mwili ni kile kinachopatikana kwa kumzungushia mtu futikamba; kipimo cha nguo ni kile kinachopatikana kwa kuilaza nguo mezani na kuipima; na saizi ibaki kuwa jina la lebo, basi. Tofauti kati ya viwili vya kwanza mafundi wetu wanayo tayari. Wanaiita nafasi, na kitendo chake ni kuachia: "Nimekuachia inchi mbili kifuani, usije ukashindwa kupumua."

Fundi cherehani wa barazani ndiye mwalimu wangu katika hili. Mteja akifika na kitenge chake, fundi hamuulizi saizi hata siku moja. Anavuta futikamba shingoni, anapima bega, kifua, kiuno, hipsi, urefu wa mkono, urefu wa gauni, na kila namba inaingia kwenye daftari mbele ya jina la mteja. Daftari hilo halina S wala XL. Kama mama wetu angepita kwa fundi kabla ya kuagiza, angeondoka na namba 38 ya kifua, yaani inchi 38, karibu sentimita 97.

Sasa tuisome lebo ya gauni lililomkwamia. Nguo nyingi mpya za Kariakoo hutoka China, na China ina kiwango chake cha taifa cha saizi. Pembeni ya ile L huwa pameandikwa kitu kama 165/88A, na hapo ndipo ukweli ulipo. 165 ni kimo cha mwanamke aliyekusudiwa, kwa sentimita. 88 ni mzunguko wa kifua chake. Herufi A ni umbo: kwa wanawake, A ina maana kiuno ni kidogo kuliko kifua kwa sentimita 14 hadi 18. Umbo Y lina kiuno chembamba zaidi ya hapo, B na C vina kiuno kinachokaribiana na kifua. Kwa hiyo gauni lilishonwa kwa ajili ya mwili wa kifua cha sentimita 88 na kiuno cha takriban 70 hadi 74. Kifua cha mama ni 97. Hakuna L itakayoziba sentimita 9. Lebo ilimwambia ukweli wote, ila kwenye picha aliyotumiwa haikuonekana.

Na lile gauni la mtumba lililomkaa? Lilitoka Ulaya au Marekani, ambako L ni ya mwili mwingine. Hata huko wenyewe hawaelewani. Gauni moja linaweza kuwa 12 Uingereza, 8 Marekani, 38 Ujerumani, 40 Ufaransa na 44 Italia. Anayechambua belo la mitumba hukutana na namba zote hizo katika rundo moja, na ndiyo maana wachuuzi wazoefu hawaiangalii lebo. Wanainyoosha nguo mbele ya mteja na kumkadiria kwa macho.

Marekani iliwahi kujaribu kuweka utaratibu. Mwaka 1939 na 1940 serikali yake iligharamia upimaji wa wanawake wapatao 15,000, kila mmoja kwa vipimo 59, chini ya Ruth O'Brien na William Shelton. Matokeo yalitegemea wanawake weupe peke yao, kasoro kubwa isiyofichika. Kiwango cha biashara kilifuata mwaka 1958, kikafutwa mwaka 1983. Namba 8 katika kiwango hicho ilikuwa ya kifua cha inchi 31 na kiuno cha inchi 23 na nusu. Namba 8 ya leo inazidi vipimo hivyo kwa inchi kadhaa, kwa sababu kampuni ziligundua kwamba mnunuzi hufurahi akiambiwa anavaa namba ndogo. Desturi hiyo nitaiita saizi bembelezi, kwa kuwa kazi yake ni kumbembeleza mteja. Wanaume nao hawajasalimika: suruali ya jinzi iliyoandikwa namba 34, ukiipima kiunoni, mara nyingi inazidi inchi 34.

Kiswahili kiliwahi kuwa na neno lake kwa jambo hili. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inalipa neno cheo maana ya kipimo na ukubwa, pamoja na ile ya daraja la mtu. Leo cheo kimehamia ofisini. Saizi nayo imeanza kukifuata, maana vijana wanasema "yule siyo saizi yako" wakikusudia hadhi. Sioni haja ya kulifufua neno cheo kwenye maduka ya nguo, litachanganya zaidi. Neno kipimo linatosha, na kila mtu analielewa.

Neno jingine la kuangaliwa ni frisaizi. Wengi hudhani ni nguo ya kumwenea kila mtu. Maana yake kiwandani ni kwamba imeshonwa saizi moja tu, kwa kawaida kwa kitambaa kinachovutika. Tuiite saizi moja, na swali la kuuliza ni inavutika mpaka sentimita ngapi.

Duka la mtandaoni la Jumia lilipofunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019, ununuzi wa mtandaoni haukukoma. Umeshamiri kwa wauzaji wa Instagram na WhatsApp, wenye picha nzuri na bei nafuu lakini wengi wao bila jedwali la vipimo, na wenye msimamo kwamba mali ikiuzwa hairudi. Aliyeko Ilala anaweza kwenda dukani kubadilisha. Aliyeko Soweto, au Iringa anakoagiza sweta la baridi ya Juni, atalipa nauli ya mzigo mara mbili, au atampa mdogo wake gauni ambalo alilitamani mwenyewe.

Kwa hiyo, ndugu muuzaji, ilaze nguo mezani, weka futikamba juu yake na upige picha. Piga na ya lebo ya ndani. Nawe mnunuzi, mpe fundi wa mtaani kwako dakika tano akupime, hifadhi namba zako kwenye simu, na kabla ya kulipa andika hivi: "Naomba vipimo vya nguo yenyewe kwa sentimita: kifua, kiuno, hipsi na urefu." Asiyekujibu kwa namba, usimtumie pesa.