Tairi Lisilo na Misumari

Pikapu niliyoinunua ilishushwa bandari ya Dar es Salaam ikitokea Japani, na ilikuja na viatu vyake vya huko: matairi manne, kashata zimejaa, ubavuni yameandikwa STUDLESS kwa herufi za kusomeka toka ng'ambo ya barabara. Rafiki yangu aliyeagiza gari la aina hiyohiyo aliletewa vipara vinne. Mimi nikajiona nimeokota dodo chini ya mwarobaini.

Hiyo ilikuwa Februari. Masika ilipoanza, nikiwa nje kidogo ya Handeni kwenye njia ya udongo mweusi, gari lilipanda nusu ya kamwinuko ambako hata kuku hapati taabu, likasimama, kisha likaanza kurudi nyuma lenyewe huku magurudumu yote manne yakizunguka kwenda mbele. Fowili ilikuwa imeingia. Taa yake inawaka kwenye dashibodi kama inayonisuta. Kijana wa bodaboda akanipita, miguu yake ikikokota tope pande zote mbili, nyuma amefunga gunia la mahindi.

Wiki ile nilishuka Korogwe kwa fundi tairi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hizi umezitoa wapi?" Akabonyeza kashata kwa ukucha wa dole gumba. Ukucha ukazama. "Studlesi hizi. Laini kama andazi. Zimekuja na gari?"

"Zimekuja na gari. Studlesi maana yake nini?"

"Maana yake zinaisha upesi. Hiyo nyingine mtajuana wenyewe mliosoma."

Basi nimeichukua kazi hiyo. Neno ni la Kiingereza, na maana yake ya juujuu ni "lisilo na misumari". Tafsiri hiyo ni sahihi, ila haimsaidii mtu. Mwambie dereva wa Handeni kwamba unamuuzia tairi lisilo na misumari, atakushukuru: msumari anaoujua yeye ni ule wa inchi nne uliolala barabarani ukimsubiri, na tairi lisilo nao ni tairi ambalo bado halijapata pancha. Jina linalotambulisha kitu kwa kutaja kile ambacho hakina linamtaka msikilizaji awe amewahi kukiona hicho kinachokosekana. Sisi hatujakiona.

Waliokiona ni watu wa nchi za theluji. Mwaka 1934 kampuni ya Ufini ambayo leo inajulikana kama Nokian ilitoa tairi la malori liitwalo Kelirengas, linalohesabiwa kuwa tairi la kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya majira ya baridi. Katika miaka ya 1960 ikaenea desturi ya kupachika visumari vya chuma kwenye kashata ili ving'ate barafu. Viling'ata kweli, lakini barafu ilipoisha viliendelea kung'ata lami. Japani iliona athari zake vizuri: katika miji kama Sendai na Sapporo, matairi yenye visumari yalisaga barabara mpaka watu wakawa wanavuta vumbi la lami katikati ya majira ya baridi. Mwaka 1990 ikatungwa sheria ya kuyazuia. Viwanda vilikuwa vimeshaanza kutafuta mpira wa kushika barafu bila msaada wa chuma. Blizzak ya Bridgestone ilitoka mwaka 1988, na mpira wake una vitundu vidogo mno vya kufyonza ule utando wa maji unaoifanya barafu iteleze. Kwa Mjapani, basi, neno lililoandikwa ubavuni mwa tairi langu lilikuwa habari njema: tairi la barafu lisiloleta vumbi. Lilipofika Handeni, ambako vumbi ni la Mungu na barafu ni ya kwenye friji, habari yote ilikuwa imedondoka njiani.

Tafsiri ya pili inayokuja haraka ni "tairi la theluji". Ni nzuri masikioni, nami niliitumia kwa muda. Kasoro yake ni kwamba inamfanya mtu atazame kashata, wakati siri ya tairi hili iko kwenye mpira. Mpira wa tairi la kawaida huanza kukakamaa joto linaposhuka chini ya nyuzi 7 za Selsiasi hivi, na mpira uliokakamaa haushiki vizuri hata lami kavu. Tairi la kina Sapporo limechanganywa ili libaki laini penye baridi hiyo, iwe kuna theluji au hakuna. Sasa lilete kwenye lami ya Segera saa nane mchana, isiyokanyagika kwa mguu mtupu. Linalegea kupita kiasi, kashata zinayumba gari likikata kona, breki zinachelewa kushika, na mpira unalika kama sabuni ya kufulia. Fundi wangu alikuwa amesema kweli yote kwa maneno matatu.

Kashata zenyewe zinastahili aya yao. Aliyelipeleka neno hili gereji simjui, lakini alikuwa na jicho la mwanaisimu: amechukua vipande vya nazi au karanga vilivyokatwa kwenye sinia, vyenye mstari mwembamba kati ya kipande na kipande, akaviona kwenye uso wa tairi. Ukisema kashata, dereva wa Tanga, wa Mwanza na wa Songea wanakuelewa, na hakuna haja ya kamati kuketi. (Ngeli ndiyo inayogombaniwa. Vitabuni ni tairi hili na matairi haya. Gereji ni tairi hii na tairi hizi. Naandika kama vitabu na kuongea kama gereji, na sijawahi kuuziwa tairi baya kwa sababu hiyo.)

Kinachokosa jina ni ile mikato myembamba iliyomo ndani ya kila kashata, kama nywele, kumi au zaidi kwenye kipande kimoja. Tairi la baridi limejaa mikato hiyo; hufunguka linapokanyaga, na kingo zake ndizo zinazokwaruza barafu. Kwa Kiingereza huitwa kwa jina la mtu, John Sipe, Mmarekani aliyepata hataza ya wazo hilo katika miaka ya 1920. Mimi naiita chale. Sisi tunajua chale ni nini: mkato mdogo, mwembamba, unaochanjwa makusudi kwa safu. Fundi nilipomwambia "tazama chale hizi", hakuniuliza nina maana gani. Alipitisha kidole tu.

Hapa ndipo nilipoelewa kwa nini nilirudi kinyumenyume kwenye kale kamwinuko. Theluji hushikana na theluji. Mtoto anayefinyanga tonge la theluji analijua hilo. Tairi la baridi limeundwa liijaze theluji kwenye mifereji yake na kuibana humo, kwa sababu theluji iliyo kwenye tairi huishika theluji iliyo barabarani kuliko mpira unavyoweza. Tope letu ni kinyume chake. Udongo mweusi wa mfinyanzi ukishajaa kwenye mifereji, tairi limekwisha kuwa kipara cha udongo, na udongo juu ya udongo uliolowa ni sabuni juu ya sabuni. Tairi la tope linatakiwa kujitema: mifereji mipana, kashata kubwa zilizoachana, ili kila mzunguko urushe nje kilichoingia. Ile mifereji myembamba yenye chale, ambayo Sapporo ni akili, Handeni ni mtego.

Kwa hiyo zile herufi M+S unazoziona kwenye matairi mengi zinachanganya watu. M ni tope na S ni theluji, kwa Kiingereza, na alama hiyo inaziunganisha kana kwamba ni ndugu. Haihitaji jaribio lolote: mtengenezaji huiweka mwenyewe kwa kuzingatia umbo la kashata. Mpira hauulizwi. Ndiyo maana mwaka 1999 Marekani na Kanada zikaleta alama nyingine, ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake, inayotolewa kwa tairi lililopimwa kwenye theluji yenyewe. Ujerumani tangu Oktoba 2024 haiitambui tena M+S peke yake kuwa tairi la baridi. Mtanzania anayeendesha gari Hamburg kwenye theluji bila ule mlima anaweza kupigwa faini. Dereva mmoja wa Korogwe aliponionyesha alama hiyo kwenye tairi lake aliniuliza kama ni Kibo, Mawenzi na Shira. Nilitamani kusema ndiyo.

Ipo pia "tairi la kipupwe". Magazeti na vitabu vya shule hupenda kuita majira ya baridi ya Ulaya kipupwe, na kwa kisa cha kusimulia inatosha. Kwa istilahi inapotosha, maana kipupwe ni chetu: ni Juni, Julai na Agosti, ukungu wa Soni, na watu wa Lushoto kuvaa makoti. Ukimuuzia dereva wa gari za Lushoto "tairi la kipupwe" ataliomba ifikapo Juni, na atakuwa na haki. Lakini baridi ya mchana ya Lushoto haifiki pale mpira wa kawaida unapokakamaa.

Ninalolichagua ni "tairi la baridi". Ni fupi, linataja hali ambayo mpira umechanganywa kwa ajili yake, na halidai kuwepo kwa theluji. Nimetiwa moyo na wale Wafini wa 1934. Neno lao "keli" lina maana ya hali ya njia na hewa, na "rengas" ni tairi; yaani tairi la kwanza la baridi lilipewa jina la hali ya njia. Kwa mtindo huohuo, lile tunalolihitaji kati ya Machi na Mei lingeitwa "tairi la masika". Leo mafundi husema tu "tairi ya kashata", na hilo ndilo jina lililonidanganya, kwa kuwa na yangu yalikuwa ya kashata tena tele.

Tairi la masika ni lipi? Ubavuni utakuta herufi mbili: HT la lami, AT la kuchanganya, MT la tope. Rahisi kudhani kwamba mwenye pikapu ya fowili achukue MT na mjadala ufungwe. Kwa gari linaloshinda mashambani Kilindi, likibeba mahindi kwenye njia zisizo na kifusi, nakubali; na kama ni Land Cruiser lile tunaloliita mkonga, ile saizi yake ya zamani ya 7.50R16 bado ina akili yake, kwa kuwa tairi jembamba huchimba tope laini mpaka likutane na ardhi ngumu, wakati pana huelea juu na kuteleza. Lakini kutoka Korogwe hadi Handeni ni lami, kilomita 65, na kutoka Handeni hadi Mkata ni lami, kilomita 54. MT kwenye lami iliyolowa linagusa barabara kwa mpira mchache, linavuma kama mashine ya kusaga, na linahitaji nafasi ndefu kusimama. Na kusimama ndiko kunakoua. Fowili inakusaidia kuondoka. Gari lolote, hata kidaladala, hufunga breki kwa magurudumu manne. Anayeteremka Soni kwenda Mombo na mvua haulizwi magurudumu mangapi yanavuta.

Mimi nimefunga AT, na nikijua nakwenda kwenye udongo mweusi siku ya mvua kubwa, siendi. Nasubiri jua la siku moja, kama wanavyofanya wenyeji. Nimejifunza pia kusoma zile tarakimu nne kwenye kile kiduara ubavuni: 3521 ni wiki ya 35 ya mwaka 2021, na tairi lililokaa ghalani muda mrefu mpira wake umeshazeeka hata kama kashata ni za jana.

Yale ya Sapporo nilimwachia fundi. Nilimweleza yote haya, chale, theluji, Wafini, naye akasikiliza huku akiupima upepo wa tairi la lori. Nilipomaliza alichukua chaki akaandika BARIDI kwenye kila moja, akayapanga mbele ya kibanda. Nilikuwa bado nakaza nati za mwisho alipokuja mteja mwenye Noah, akayazunguka, akazigusa kashata kwa kuridhika, kisha akaisoma chaki.

"Mzee, baridi ya wapi?"