Mzigo wa Kwanza: Wapagazi wa Unyamwezi na Wanafunzi wa Lisp

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, ikapita Usoke na kumalizikia Kigoma mwaka 1914. Kabla ya hapo, karibu kila pembe ya ndovu iliyotoka upande wa Ziwa Tanganyika, na karibu kila mtumba wa nguo za merikani uliopanda kutoka Bagamoyo, ulivuka nchi hii ya Unyamwezi begani mwa mtu. Upagazi huo umeandikwa sana kama habari ya biashara, ya watemi na ya wasafiri wa Kizungu. Mimi nauona pia kama habari ya kufundisha kazi. Wanyamwezi walikuwa na jibu lao kwa swali ambalo walimu wa kompyuta wanabishana juu yake hadi leo: anayeanza apewe chombo gani? Swali hilo linawagawa sana wanaofundisha Lisp, lugha ya programu ambayo John McCarthy alianza kuiunda MIT, Marekani, mwaka 1958, mwaka uleule TANU ilipokutana Tabora na kukubali kuingia katika uchaguzi wa kura tatu.

Richard Burton, msafiri Mwingereza, aliingia Kaze, yaani Tabora, Novemba 1857, baada ya safari iliyoanza pwani mwezi Juni. Pamoja na kiburi chake chote, alikuwa na jicho kali la kutazama vitu, na aliandika kwamba watoto wa Kinyamwezi walianza upagazi wakiwa wadogo sana, kila mmoja na kipembe chake begani, na kwamba kazi hiyo ilihesabiwa kuwa kipimo cha uanaume. Mzigo wa mtu mzima ulikuwa kama frasila mbili, ratili 70 hivi, na kila bidhaa ilikuwa na namna yake ya kufungwa. Nguo zilikunjwa zikawa mtumba mrefu kama mto wa kulalia, zikavikwa makanda, kisha zikakazwa kwa kamba pamoja na fito nyororo ili mtumba usipoteze umbo wala kulala juu ya unyevu. Masango ya shaba yalifungwa kwenye ncha mbili za mti mmoja, mtu akauchukua begani: huo ni mzega. Mzigo uliomshinda mmoja ulichukuliwa na wawili kwa mzigaziga. Pembe kubwa walipewa wenye nguvu na uzoefu, nao walitembea mbele kwa fahari, kengele ya ng'ombe ikilia kwenye ncha ya pembe. Tuangalie yule mtoto alikuwa amepunguziwa nini. Kipembe chake kilikuwa pembe halisi, ya kuuzwa. Njia ilikuwa ileile, kambi ileile, na alimtazama kirangozi yuleyule aliyeongoza msafara. Kilichopungua ni uzito tu, na hapo ndipo ninapoona maarifa makubwa ya wafundishaji wale.

Yupo atakayesema ninaipamba kazi ya mateso. Ni kweli kwamba ndui iliua watu wengi misafarani, njaa iliwakuta watu porini, na leo hakuna anayetaka mtoto abebe bidhaa kwenda pwani. Lakini ugumu wa kazi hauondoi ufundi wake. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha 2006, ameonyesha kwa ushahidi mwingi kwamba wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa kwa sehemu kubwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira, wakiwa na taratibu zao, heshima yao na uwezo wa kugoma posho ilipopunjwa. Upagazi wa Vita Kuu ya Kwanza ulikuwa kitu kingine kabisa. Majeshi ya Waingereza, Wabelgiji na Wajerumani yaliwakamata watu wa kila aina, wengi wao hawajawahi kubeba mzigo wa safari, na makumi ya maelfu wakafa. Maradhi na chakula kibovu viliwaua zaidi kuliko ugeni wa kazi, na sitaki kudai zaidi ya hapo. Hata hivyo, vita ile ilidhihirisha kwamba bega la mtu lilikuwa sehemu moja tu ya upagazi. Sehemu nyingine ilikuwa mafunzo ya miaka na wenzake waliomzunguka.

Lisp nayo imepitia majaribio ya kumpunguzia anayeanza mzigo. Mwaka 1967 Wally Feurzeig, Seymour Papert, mzaliwa wa Pretoria, na Cynthia Solomon waliunda Logo, lugha ya watoto iliyotokana na Lisp. Mtoto aliamuru kobe wa kompyuta achore mstari, na amri zile zilikuwa programu kweli. Katikati ya miaka ya 1990 Matthias Felleisen na wenzake katika Chuo Kikuu cha Rice walitengeneza DrScheme, programu ya kujifunzia lugha ya ukoo wa Lisp, ambayo tangu 2010 inaitwa DrRacket. Dirisha lake lina sehemu mbili: juu unaandika programu yako, chini unajaribu na kupata jibu papo hapo. Andika (* 2 35) na kompyuta itakujibu 70, ratili za mzigo wa frasila mbili. Sasa mwanafunzi akosee, aandike (35). Mabano katika Lisp huamuru kitendo kifanyike, na 35 si kitendo. Katika ngazi ya wanaoanza, DrRacket itamwambia kwamba baada ya bano la kufungua ilitarajia kitendo, ikakuta namba. Ujumbe huo unatumia mambo aliyokwisha kufundishwa na kumwonyesha mahali pa kurekebisha. Akipanda ngazi, lugha inaongezeka ndani ya dirisha lilelile.

Wakongwe wengi wa Lisp hawakubaliani na njia hii. Wanasema mwanafunzi aanze moja kwa moja na Emacs, kihariri ambacho mafundi wanakitumia, maana atakihitaji tu, na chombo cha wanaoanza humzoesha kubebwa. Hoja hiyo ina uzito. Logo ilikwama katika shule nyingi kwenye kuchora kwa kobe, na watoto hawakupata kuona kinachofuata. Lakini kosa hapo lilikuwa kukosa ngazi ya pili, si kuwa na ngazi ya kwanza. Mtoto wa msafarani aliiona pembe kubwa mbele yake kila siku na kuisikia kengele yake, ila hakuna aliyemtwika asubuhi ya kwanza. Anayeanza na Emacs hubeba mizigo miwili kwa pamoja: vifungo vingi vya kihariri asivyovijua, na lugha yenyewe, na anaposhindwa hajui ni upi uliomwangusha.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba yule mtoto alikuwa na baba, mjomba na kambi nzima, na anayejifunza leo Usoke huenda yuko peke yake na kompyuta ya kuazima. Nalikubali. Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, kwa hiyo kizazi ambacho kingetoa wajomba wa fani hii kilikuwa na wajuzi wachache. Ndiyo maana chombo kinachoeleza kosa kwa lugha nyepesi kina thamani kubwa zaidi hapa kuliko Boston. DrRacket ni ya bure, na ikishawekwa kwenye kompyuta inafanya kazi bila intaneti. Kitabu chake cha kufundishia, kilichotoka mwaka 2001, kinasomwa bure, ingawa ni kwa Kiingereza, na huo ni mzigo mwingine ambao bado hakuna aliyeupunguza. Mwanafunzi akishaandika programu mbili tatu zenye kazi, labda hesabu za mauzo ya tumbaku au asali ya nyumbani kwao, ahamie Common Lisp, Lisp ya mafundi, kwa kutumia SBCL, programu inayoiendesha, pamoja na Emacs. Wakati huo kigeni kwake kitakuwa kihariri tu, na kukizoea kihariri si kazi ya kumkatisha mtu tamaa.