Mokapu ni Nguo ya Bandi

Mwanafunzi wa Tanzania akisikia neno "moko" hushika kichwa: ni mtihani wa majaribio unaotangulia ule wa taifa. Kwenye karatasi yenyewe huandikwa "mtihani wa utamilifu". Wenzake wa Kenya wameuita "mtihani wa mwigo". Neno moja la Kiingereza limeingia kwa milango miwili ya shule na kupewa majina mawili yasiyofanana hata kidogo, moja likinukia ukamilifu na jingine likinukia uigaji. Sasa ndugu wa neno hilo amebisha hodi kwa waunda programu, na huko hakuna aliyempa kiti. Vijana husema tu "mokapu": nitumie mokapu, mokapu imepita, mteja ameikataa mokapu. Nimekuwa nikilitafutia neno hili jina la Kiswahili kwa muda, na nimegundua kwamba jina halipatikani kwenye kamusi kabla ya kuangalia kazi inavyofanywa na kwa zana gani.

Mokapu ni umbo la muda la kiolesura, yaani la ile sehemu ya programu ambayo mtumiaji huiona na kuigusa: skrini, vitufe, menyu, visanduku vya kujazia. Nyuma yake hamna kitu. Kitufe cha "Tuma" hakitumi chochote, na salio linaloonekana ni namba iliyobuniwa. Hutengenezwa ili watu wabishane mapema, wakati kosa bado linafutika kwa kifutio, kabla halijawa la kubomoa msimbo wa miezi mitatu.

Wala si lazima iwe picha. Kabla kompyuta ya mkononi ya Pilot, iliyokuja kujulikana kama PalmPilot, haijaingia sokoni mwaka 1996, mbunifu wake, Jeff Hawkins, alichonga kipande cha ubao cha ukubwa aliokusudia, akakitia kwenye mfuko wa shati na kutembea nacho siku nyingi. Akiulizwa kama ana nafasi tarehe fulani, alikichomoa na kujifanya anaangalia ratiba. Ubao ule ulimjibu swali ambalo mchoro wa kwenye skrini usingelijibu: kitu hiki kitabebeka?

Skandinavia walikuwa wamekwisha kufika huko. Kati ya 1981 na 1985, mradi ulioitwa UTOPIA uliwakutanisha watafiti na wafanyakazi wa uchapaji wa magazeti, ambao waliona kompyuta zinakuja kuwanyang'anya ufundi wao. Mashine walizotaka kuzijadili zilikuwa bado hazipatikani, au bei yake haishikiki. Wakatumia karatasi, mbao nyepesi, na boksi tupu la katoni lililoandikwa kwamba ni printa ya leza. Mchapaji alikaa mbele ya vitu hivyo akafanya kazi yake ya kila siku kwa kuigiza, na kila alipokwama, boksi lilisogezwa au karatasi ikachorwa upya. Pelle Ehn na Morten Kyng, waliokuwamo katika mradi ule, waliandika baadaye kuhusu "kompyuta za katoni". Mtu asiyejua kuandika hata mstari mmoja wa msimbo aliweza kusogeza boksi kwa mikono yake mwenyewe, na hapo ndipo ilipokuwa nguvu ya njia ile.

Basi tuite nini? "Mchoro" umeshaanguka, kwa sababu ubao wa Hawkins haukuchorwa. "Kiolezo" kina kazi nyingine: ni kitu unachonakili mara nyingi, kama barua ya ofisi inayosubiri jina na tarehe, na mokapu hainakiliwi, hutupwa. "Sampuli" ni kipande cha kitu chenyewe. Sampuli ya mchele ni mchele, sampuli ya damu ni damu, ilhali ndani ya mokapu hamna hata punje moja ya programu. "Kielelezo" na "mfano" hayana kosa ila upana. Kielelezo hupelekwa hata mahakamani kama ushahidi, na mfano ni kila kitu. Nimewahi pia kusikia "kiolesura bandia" likipendekezwa. Hilo tulikatae mara moja. Noti bandia ni jela, tovuti bandia ni ya mwizi wa namba za siri, na mtu aliyeonyeshwa "programu bandia" ana haki ya kwenda polisi.

Neno nililoridhika nalo nililikuta kwa fundi cherehani. Fundi anayeshona suti au gauni la harusi hapeleki kitambaa kwenye mashine moja kwa moja. Kwanza hukiunganisha kwa sindano ya mkono, mishono mirefu iliyolegea, mara nyingi kwa uzi wa rangi isiyooana na nguo ili uonekane. Huko ndiko kupiga bandi. Mwenye nguo huja, huivaa ikiwa bado na nyuzi zinazoning'inia, huinua mikono, hukaa, huinama. Bega likibana, fundi hufumua pale pale na kupiga bandi upya. Cherehani hungoja mpaka mwili umeridhika.

Ndiyo maana nasema mokapu ni bandi: bandi ya kiolesura. Neno hili lina kitenzi chake tayari, kupiga bandi, na lina kinyume chake, kufumua. Zaidi ya yote limebeba sharti la kazi yenyewe, kwamba mshono huu uonekane kuwa si wa kudumu. Sharti hilo ndilo kipimo ninachokitumia kuchagua zana.

Somo hilo nililipia. Kikundi kimoja cha kuweka na kukopa mjini Tanga kilitaka programu ya simu ya kutunzia hesabu zake. Nilikaa wiki mbili nikitengeneza skrini nzuri kwa programu ya Figma, zenye vivuli na kijani kilichotulia, nikaziweka kwenye simu na kuipitisha mkono kwa mkono. Mweka hazina, mama wa makamo, alitelezesha kidole, akatazama, akatelezesha tena.

"Sasa mwanangu, hela tulizoweka jana mbona hazimo?"

Nikamweleza kwamba hii ni picha tu. Akaitikia kwa kichwa, kwa heshima, lakini nilijua nimempoteza. Waliobaki walijadili kijani kwa nusu saa. Wengine walisema kimezidi, wengine wakataka nembo ya kikundi iwe kubwa. Hakuna aliyegusa mpangilio wa kazi, kwa kuwa kitu kilichong'aa vile kilionekana kimekwisha, na mwenyeji aliyekwisha kupika hakosolewi chumvi. Miezi miwili baadaye, msimbo ukiwa umeandikwa, ndipo nilipojua kwamba mpangilio wenyewe ulikuwa na kosa, nami sikujua liko wapi.

Safari ya pili nilikwenda na karatasi za daftari, kila karatasi skrini moja, mistari ya kalamu ya bluu imepinda. Mama yule yule alichukua kalamu mkononi mwangu bila kuomba.

"Hapa umekosea. Faini kwanza. Mtu hanunui hisa na faini yake haijalipwa."

Akakata mstari juu ya mchoro wangu. Dakika moja.

Wabunifu hupima mokapu kwa jinsi inavyokaribia kitu halisi, na Kiingereza hukiita kipimo hicho kwa neno lile lile la uaminifu wa ndoa. Atakayekitafsiri "uaminifu" atakuwa amewachezea wasomaji, kwa maana mokapu yangu iliyokuwa "aminifu" zaidi ndiyo iliyodanganya. Mimi nasema bandi nyepesi na bandi nzito, na nashauri kuanza na nyepesi.

Wapo waliotengeneza zana kwa kufuata fikra hiyo. Balsamiq, iliyotolewa mwaka 2008 na Mwitaliano Giacomo Guilizzoni, huchora vitufe na visanduku kwa mistari iliyopinda makusudi, kana kwamba mtu amechora kwa mkono. Wapo wanaoicheka kwamba ni ya kitoto. Kwangu ule ndio uzi wa rangi tofauti wa fundi cherehani, unaomwambia mteja: fumua, sitakasirika.

Figma, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2016, ni ya bandi nzito. Hufanya kazi ndani ya kivinjari, watu kadhaa wakichora ukurasa mmoja kwa wakati mmoja, na kwa timu iliyotawanyika hakuna ubishi juu ya ubora wake. Lakini hutaka intaneti, na bando likiisha saa nne usiku kazi imelala. Tena kazi yako inakaa kwenye nyumba ya mtu. Adobe ilitangaza mwaka 2022 kwamba itainunua Figma kwa dola bilioni 20, na mpango ukavunjika Desemba 2023. Zana nyingine iliyokuwa na jina kubwa, InVision, ilifunga huduma zake mwisho wa 2024. Anayeogopa habari za namna hii anaweza kuangalia Penpot, programu huria iliyotoka Uhispania, ambayo unaweza kuiweka kwenye seva yako mwenyewe. Karatasi, bila shaka, haifungwi na mtu.

Kuna kiolesura ambacho zana zote hizo za kompyuta hazikifai, nacho ndicho kinachoguswa na mamilioni ya watu wetu kila siku: menyu ya USSD, ile inayofunguka ukibonyeza *150*00# au namba za jamii hiyo. Haina rangi wala picha, na ujumbe mmoja hauzidi herufi 182, nafasi zikihesabiwa. Kuipigia bandi, chukua kadi, andika ujumbe mmoja kwa kila kadi, hesabu herufi, kisha mmoja wenu awe mtandao na mwingine awe mtumiaji. Anayejibu "3" hupewa kadi ya tatu. Utashangaa watu wanavyopotea kwenye kadi ya nne.

Jambo jingine halisemwi vya kutosha. Wabunifu wengi hutumia maneno ya kujazia ya Kilatini kibovu, yaliyokatwakatwa kutoka kwa Cicero, mwandishi wa Roma ya kale, ili macho yatazame umbo. Kiswahili hakivai nguo iliyopimwa kwa Kilatini. Kitufe kilichokatwa kwa kipimo cha neno la Kiingereza la herufi nne hupasuka kikivishwa "Thibitisha malipo". Bandi hupigwa juu ya mwili wa mwenye nguo, kwa hiyo weka maneno halisi tangu karatasi ya kwanza, hata kama yatabadilika.

Hatua inayotangulia mokapu, ile michoro ya mistari mitupu inayoonyesha tu nini kikae wapi, naona imekwisha kupata jina: kiunzi. Neno limetoka kwenye kuunda, na kila mtu analijua hata kama ni kwa mbio za kuruka viunzi. "Fremu ya waya", tafsiri ya neno kwa neno ya jina la Kiingereza, tuwaachie wauza mabanda ya kuku. Wapo watakaosema hatua hizi zote hazihitajiki: najua mafundi wa majahazi wa Lamu huunda chombo kizima bila mchoro wa karatasi, na wapo waandishi wa msimbo wanaojifananisha nao. Jahazi lina vizazi vingi nyuma yake. Programu yako ina wiki tatu.

Bandi lina kasoro moja, na siifichi. Herufi moja tu hulitenga na bandia, na mhariri aliyechoka anaweza kunichapia "kiolesura bandia" na kunirudisha kule nilikokukataa. Tena vijana wengi waliozoea nguo za dukani hawajawahi kulisikia. Hata hivyo nalichagua, nikiwaachia mokapu wale wanaoitaka mdomoni. Baadhi ya mafundi husema "kushikiza" kwa mshono huo huo, na huenda ndilo litakaloshinda. Kama fundi wa mtaani kwenu ana neno la tatu, muulize kabla hajafunga duka, uliandike.